Keja ya Kila Kitu Ndani: Msee wa Kipsongo Akishuka Kanairo

Matokeo ya KCSE yakishatoka na barua za kuitwa kamu zianze kuingia, base za Kipsongo, mtaa wetu wa Kitale, zinabadilisha stori. Wasee wenye wiki jana walikuwa wanabishania boli sahii wanauliza bedsita ya Kanairo inaenda ngapi, kati ya Roysambu na Rongai gani iko fiti, na kama ni ukweli kuna hosteli zenye unalipa doo mara moja kwa mwezi alafu maji, stima, wifi na soja wa usiku ziko ndani. Wengine hawajaitwa kamu, wameitwa mjengo na broda yao mwenye alitangulia Pipeline. Lakini wote wanaulizana kitu moja: nitalala wapi, na itanikula ngapi?

Hii swali huwa inanikaa kwa roho, juu nimeona wasee wenye vichwa vizuri wakirudi Kitale ata semista ya kwanza haijaisha. Masomo haikuwashinda. Keja ndio iliwamaliza. Walinyita ile ya bei ya chini kabisa wakidhani wamesevu, alafu ganji ikaanza kuvuja kwa maji, kwa tokeni, kwa mat, hadi siku moja wakarudi jioni wakapata lando ameweka kufuli yake juu ya yao. So wacha nikuambie venye mimi hupima keja, na tafadhali upime hivyo kabla hujatuma ata soo moja.

Usiwai amini rent peke yake. Chukua mfano wa singo ya ngiri tano Pipeline. Mfereji wa ploti haueleweki, kwa hivyo unanunua maji, mtungi wa lita 20 kwa mbao. Mitungi mbili kwa siku, mwezi ikiisha ushatoa 1,200. Tokeni 600. Bando 1,000. Takataka na soja 300. Gesi ya mtungi mdogo 1,200. Mat ya kwenda na kurudi soo moja kwa siku, na unatoka siku 22 kwa mwezi, hiyo ni 2,200. Sasa jumlisha: 11,500. Keja ya ngiri tano imekuwa ya ngiri kumi na moja na nusu na bado hujanunua unga. Alafu weka kando yake kitanda kwa rumu ya watu wanne, tuseme 8,500, maji, stima, wifi na jikoni ya pamoja yenye gesi ziko ndani, na unatembea kwa mguu hadi klasi ama wera. Ile ilikaa ghali ndio imekuachia thao tatu mfukoni. Hizi ni namba za mfano, wewe weka zako, lakini hesabu ndio hiyo. Chukua karatasi uandike kila kitu yenye itakutoa doo kutoka uamke hadi ulale. Hiyo jumla ya chini ndio rent yako ya ukweli.

Na hesabu inaweza geuka pia. Kuna hosteli inakuambia "kila kitu ndani" alafu kila kitu ni maneno tu. Uliza maji inatoka wapi. Borehole mob za Nairobi ziko na floraidi ya juu, na zingine maji yake ni ya chumvi, so bado utakuwa unanunua ya kunywa. Uliza stima ni ya kufanya nini. Sehemu zingine unaruhusiwa taa na kuchaji simu, ukionekana na koili ya kupika unapigwa faini. Wifi nayo usiipime saa tano asubuhi wakati wasee wote wako klasi. Enda saa tatu usiku, wakati rumu zote ziko kwa simu, ujaribu kufungua video. Hapo ndio utajua kama unanunua wifi ama unanunua jina. Usiku pia utaona kama taa za korido zinawaka, geti inafungwa saa ngapi, na jirani anapiga mziki hadi saa gani.

Kushare nyumba si kitu imeanza juzi na hosteli za vioo. Nairobi ilianza kama kambi ya reli 1899, na wakoloni walitaka Mwafrika aje afanye kazi, alale, alafu arudi ocha. Hawakutaka akae na bibi na watoi. So walijenga rumu za kugawana, Muthurwa ya watu wa reli, baadaye Shauri Moyo, Ziwani na Starehe, na mahali mob kipimo cha kukodisha kilikuwa kitanda. Msee alikuwa anapewa nafasi ya kulala, imeisha hivyo. Pumwani nayo, kuanzia miaka ya 1920, wenyeji walijijengea nyumba za Kiswahili, korido katikati na rumu huku na huku, na wenye nyumba wengi walikuwa wamama Waislamu wenye walikodisha rumu moja moja. Huko Eastlands, watoi wa makabila yote wakiwa wamefinyana kwa ploti moja, ndio Sheng yenye unaisoma hapa ilikulia.

Naikumbusha hii historia juu kuna swali moja bado iko hai. Hii hosteli inanichukulia kama kitanda ama kama mtu? Utajua haraka. Cheki kama uko na kabati yenye inafunga na kufuli yako mwenyewe. Cheki kama mgeni wako anaweza kuja mchana bila keteka kukufokea, na kama mathe akitoka Kitale na kapu lake kuna mahali atakaa. Cheki kama ukiwa mgonjwa kuna mtu atajua. Bei ikiwa ya chini na hizi vitu hazipo, wanakukodishia kitanda tu kama wakati wa mzungu, na miaka yako ya kusoma na kuomoka ni michache sana kuiishi hivyo.

Sahii biashara ya kitanda imekuwa kubwa. Kampuni ya Acorn yenye iko nyuma ya hosteli za Qwetu na Qejani iliuza bondi ya kijani 2019 ya KSh bilioni 4.3, na Januari 2020 ikaorodheshwa hadi soko la hisa la London. Qwetu ni ya wenye wako na mkwanja kiasi, Qejani ilitengenezwa iwe ya bei ya chini, wasee wengi kwa rumu moja. Naheshimu hiyo kazi, juu imeonyesha malando wengine kwamba mwanafunzi anaweza kupewa maji, usalama na mahali pa kusomea kwa bei moja. Lakini tubonge ukweli: kwa familia nyingi za Kipsongo, ata ile ya chini bado iko juu. Doo ya HELB ya kujikimu inaingia kwa vipande na inaweza chelewa, na lando hangojei.

So njia ya kwanza kabisa ukiwa umeitwa chuo ya serikali ni rumu za kamu yenyewe. Ziko chini ya bei kushinda chochote utapata nje ya geti, na zinajaa haraka. Siku mlango wa kubuki ukifunguliwa, uwe ushalipa na uko kwa simu, si kesho yake. Ukikosa, utaambiwa upirate, yaani ulale kwa rumu ya beste yako bila jina lako kuwa kwa orodha. Wasee wengi wamemaliza kamu hivyo, na siwezi walaumu. Lakini jua msako ukija unatolewa na vitu zako nje, na unaweza mletea mwenye rumu ngori na ofisi. Kama lazima upirate, iwe ya wiki chache ukitafuta, si ya miaka minne.

Njia yenye mimi naipenda zaidi ni ya kujipangia. Wasee watatu ama wanne wananyita tubedi pamoja, wanatengeneza "kila kitu ndani" yao wenyewe. Niliona moja Kahawa West, machali wanne, wawili wa Trans Nzoia na wawili wa Bungoma. Nyuma ya mlango wa jikoni walikuwa wamekata katoni ya bela ya unga wakaichapa kwa ukuta na misumari miwili. Juu kulikuwa na majina manne. Kando, mistari ya kalamu ya biki: rent, tokeni, gesi, maji, wifi, choo. Mwenye amelipa anaandika tarehe na zile herufi za mwisho za meseji ya M-Pesa. Choo ilikuwa na zamu yake, wiki kwa wiki, na mwenye ameruka wiki alikuwa amezungushiwa duara nyekundu na jina lake limebaki hapo hadi aoshe. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, walikuwa wameandika kwamba doo inaingia kwa simu ya mmoja wao tarehe mbili, na rent inatoka tarehe tatu. Hakuna mtu alikuwa anauliza mwingine "ulilipa?" Kila kitu ilikuwa kwa katoni.

Hiyo siku moja kati ya kuchanga na kulipa ni kitu ndogo yenye inaokoa urafiki. Kukiwa na mmoja mwenye bado, mnajua mapema, mnamsimamia ama mnabonga na lando mkiwa bado na heshima. Na wekeni kila kitu mezani kabla mhamie: nani analeta dem ama chali wake na analala siku ngapi, nani anapika, nani hakuli nyama gani, nani anaamka saa kumi kurauka kazi. Mwenye yuko na friji alipe zaidi kwa tokeni. Mwenye amechukua rumu yenye iko na choo ndani alipe zaidi kwa rent. Watu wanaona aibu kubonga hivi na mabeste. Mimi nasema bonga, juu nyinyi ndio mtakuwa familia ya mwenzenu mkiwa mbali na kwenu.

Na hapa ndio msee wa Kipsongo yuko mbele ya wengine. Huu mtaa umekaa pembeni ya Kitale, mji wenye reli iliufikia 1926 na ukapangwa kwa ajili ya masetla, si sisi. Familia za Waturkana zilikuja zikijijengea kwa mabati, nguo na nailoni, wakakaa na Waluhya na wengine, na hakuna mtu hapa alilelewa bila kujua kugawana mfereji na choo. Kati ya 2001 na 2004, shirika la ITDG, lenye sasa linaitwa Practical Action, lilikaa chini na baraza la mji na wenyeji wa Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa kupanga mtaa pamoja, maji, vyoo na barabara. Wazazi wetu na majirani zao walikaa kwa hiyo mikutano, wakasema choo ikae wapi na nani ataichunga. Hiyo akili ya kukaa chini na kukubaliana ndio inaendesha tubedi ya Kahawa West. Ukiulizwa mtaani kwenu mlijifunza nini, sema hiyo bila kuinamisha kichwa.

Kuna kitu ingine tuko nayo. Menyu. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi, na msee mwenye anatumiwa gunia nusu na debe ya madondo na mat kila mwanzo wa semista anakula vizuri kuliko mwenye ananunua unga ya paketi kila siku mbili. Mkiwa wanne na kila nyumba ya ocha ikitoa kitu, huyu mahindi, huyu madondo, huyu omena kutoka kwa anti yake, mnabaki na mafuta, nyanya na skuma. Kwa hosteli yenye haina jikoni hii faida yote inapotea, unabaki mtumwa wa kibandaski. Mimi ningechagua jikoni kabla ya wifi.

Usisahau pia si lazima iwe Nairobi. Eldoret ilipewa chata ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, na kutoka Kitale ni kama kilomita 70, mathe anaweza kuja kukuona na arudi jioni hiyo hiyo. Langas, Huruma ya huko, Annex, Kapsoya, kila moja na bei yake na tabia yake. Bungoma nayo iko na Chuo Kikuu cha Kibabii, chenye kilipata chata 2015, na hapo Kitale kuna National Polytechnic. Kama kozi yako iko karibu, kulala karibu na nyumbani haimaanishi umeshindwa maisha. Nairobi iko kilomita karibu 380, itakungoja.

Ukiamua ni Kanairo, basi nyumba uiangalie kwa macho. Aprili 29, 2016, ploti ya ghorofa iliporomoka Huruma ya Nairobi usiku wa mvua, kando ya mto, na karibu watu 50 walikufa. Walikuwa wapangaji wa singo, watu kama sisi. Ukiona alama ya X nyekundu kwa ukuta, ujue wakaguzi wa majengo washapita hapo, na hakuna bei yenye inafaa. Angalia nyufa kwa nguzo, angalia kama ploti imekalia mto. Ndani, angalia madirisha. Septemba 2024 moto ulichoma bweni la Hillside Endarasha Nyeri na watoi 21 wakaenda. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unasema milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na grilli, na kati ya kitanda na kitanda kuwe na angalau mita 1.2. Hiyo iliandikiwa shule, lakini itumie popote utalala na watu mob. Hosteli yenye imepanga vitanda kama samaki kwa debe, mlango mmoja na grilli kila mahali, toka.

Kwa masistee zetu kuna maswali ya ziada, na hayo ningetaka ata machali wayajue. Bafu iko ndani ama uani, na komeo lake linafanya kazi? Ufunguo wa pili wa rumu uko na nani? Keteka akitaka kuingia kutengeneza taa, anabisha ama anafungua tu? Uliza mademoo wenye wanaishi hapo, usiulize mwenye anapangisha. Wakinyamaza na kuangaliana, ushapata jibu.

Doo sasa. Maajenti wa sosholi watakutumia picha ya keja kali, bei ya chini, na waseme kuna wasee wengine wanaingia kesho so tuma depo sahii. Usitume. Mtu wako aende aione kwanza, broda, kazo, ata mtu wa kanisa. Ulipe kwa namba yenye jina lake ni la hosteli ama la lando, si la msee umekutana naye kwa geti. Na itishe karatasi. Wengi hawajui kwamba sheria ya kodi, Rent Restriction Act, inalinda mpangaji wa nyumba ya rent isiyozidi 2,500 kwa mwezi, kuna hadi mahakama yake ndogo. Kwa hivyo mathe wako kwa rumu ya 1,800 mtaani ako na hiyo kinga, na wewe kwa hosteli ya 8,500 huna. Yenye mmeandikiana ndio itakutetea: bei ni ngapi, ndani kuna nini, rent inaweza panda lini, notisi ni ya muda gani, depo inarudi baada ya siku ngapi. Mstari wa "kila kitu ndani" uandikwe kitu kwa kitu. Maji. Stima. Wifi. Takataka. Gesi. Kama hawataki kuandika, hawataki kutoa.

Siku ya kuingia, piga picha ya kuta, godoro, soketi, choo, kila doa yenye umeipata. Tuma hizo picha kwa lando ama keteka hiyo siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki kwa simu. Siku ya kutoka, piga zingine. Depo mob hukwama hapo, unaambiwa rangi ilichafuka na kumbe uliipata hivyo. Ukiwa umetoa notisi vizuri na bado wanakuzungusha, waandikie dai lako ukiwapa tarehe. Wakinyamaza, kuna Small Claims Court, zilianza kazi Milimani 2021, zinasikiza madai hadi KSh milioni moja, zinafaa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na unaweza jisimamia bila wakili. Beba ile karatasi mliandikiana, meseji za M-Pesa zenye zinaonyesha umelipa, na picha za siku ya kwanza na ya mwisho.